Kodi Aliyoisema Haikuwa Hiyo

Jumanne ya tarehe 18 Juni 2024, alasiri, nilikuwa nimejibanza kwenye mlango wa duka la viatu pale Moi Avenue, Nairobi, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, macho yakiniwaka kwa vitoza machozi, niliposikia sauti ya mama ninayemfahamu. Nikageuka nikidhani naye amekuja mjini. Hakuwepo. Sauti ilitoka kwenye simu ya msichana mmoja aliyeishikilia mbele ya kipaza sauti, na chini yake mtu alikuwa amewekea kinanda cha huzuni: "Mto ulinitoa usiku, tingatinga likanitoa mchana. Kodi ndiyo imenimaliza." Waliokuwa karibu wakapiga filimbi na vuvuzela. Kijana mwingine alibeba bango la boksi lenye maneno hayohayo, kwa wino mwekundu, herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi.

Sauti hiyo niliirekodi mimi, katika mtaa wa mabanda wa Mathare, mwezi mmoja kabla. Katika barabara nzima ile nilikuwa peke yangu niliyejua kwamba kati ya sentensi zile mbili palikuwa na nyingine, nikaikata kwa mkono wangu, na kwamba kodi aliyoitaja mama haikuwa kodi iliyotutoa sisi nyumbani siku ile.

Kazi yangu ni kuandika simulizi za kweli. Mwandishi wa habari za kila siku ana saa chache za kueleza nani, nini, wapi na lini. Mimi namtafuta mtu mmoja, nakaa naye mpaka asahau kwamba nina daftari, kisha naandika kama mtu anayehadithia: pana mahali, pana mazungumzo, pana mtu anayetaka kitu na kitu kinachomzuia. Ruhusa ya kubuni sina. Ruhusa ninayo ya kuchagua nianzie wapi, niache nini, nimalizie wapi. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na siku zote nilidhani hatari yake ni kubuni. Sikujua kwamba mtu anaweza kuharibu kwa kuchagua tu.

Masika ya mwaka ule mnayakumbuka. Mwishoni mwa Aprili Mto Mathare ulifurika usiku, watu wamelala. Kote nchini mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 msimu ule. Mwanzoni mwa Mei serikali ikaamuru waliojenga kando ya mito wahame, kipimo kikiwa mita 30 kutoka ukingoni, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Kila familia iliyobomolewa iliahidiwa shilingi 10,000 ikatafute pa kulala.

Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapima omena, dagaa wa ziwani, kwa kopo la gorogoro kana kwamba hakuna lililotokea. Nyuma yake mabati yalikuwa yamekunjwa kama karatasi ya kufungia mandazi. Nitamwita Mama Omena, ingawa mtaani hakuna anayemwita hivyo. Nilipomsalimia alitazama viatu vyangu kwanza, halafu uso.

"Wewe ni wa shirika ama wa tivii?"

Nikamwambia si wa yoyote, naandika.

"Basi nunua omena."

Nikanunua. Nilinunua omena karibu kila siku kwa wiki tatu, mpaka paka wa ploti yetu akaanza kunisubiri langoni. Nilijifunza kwamba huamka saa kumi usiku kwenda soko la Gikomba, na kwamba huonja omena mbichi kwa ncha ya ulimi kabla ya kununua, ajue kama zimechanganywa na mchanga. Alikuwa na hesabu yake ya maisha ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. "Bati moja," aliniambia, "ni wiki moja ya omena." Alikuwa amejenga kwa miaka 19. Kila bati alijua limetoka wiki gani, mwaka gani, mtoto gani alikuwa mgonjwa.

Na hayakuwa mabati ya chumba kimoja. Mama Omena alikuwa na vyumba saba. Kimoja alilala yeye, sita alipangisha kwa shilingi 2,500 kila kimoja. Alikuwa landilodi.

Siku mto ulipofurika, wote walikimbia, yeye na wapangaji wake, na hakuna aliyekufa katika ploti yake. Wakalala kanisani. Siku ya tatu maji yakapungua, naye akarudi kukwangua matope. Alipoona kuta zimesimama, akawapigia wapangaji simu mmoja mmoja: rudini, maji yameisha. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Wanne walirudi, na wanne wakalipa kodi ya Mei. Baada ya siku chache tingatinga likaja mchana, wengi wakiwa kazini, na vilivyokuwa ndani vikaenda na kuta: magodoro, mitungi ya gesi, sare za shule, cherehani moja.

Haya yote alinieleza mwenyewe, jioni moja, baada ya kufunga biashara. Sikumuuliza. Alikuwa akikunja gunia, nikawasha kinasa sauti cha simu kwa sababu giza lilikuwa limeingia na siwezi kuandika gizani, akasema polepole:

"Mto ulinitoa usiku, tingatinga likanitoa mchana. Hapo katikati nilirudi mwenyewe, nikarudisha na watu, nikitafuta kodi. Kodi ndiyo imenimaliza."

Kisha akanyamaza muda mrefu. Kwenye rekodi unasikia mbwa, na mtoto anaitwa akaoge.

Nina rafiki mwanaharakati. Tulikua pamoja Eastlands, tukasoma pamoja, na amelala seli mara nyingi kuliko nilivyolala hotelini. Wakati ule alikuwa akisaidia waliobomolewa kudai fidia. Nilimtumia rasimu yangu akague tarehe na amri za ubomoaji. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu nilimtumia yote badala ya kumpigia nimuulize ninachotaka kujua.

Alinipigia usiku wa manane. "Ndugu yangu, hii kitu ni moto. Lakini hapa kwa landilodi umewapatia kisu watuchinje nacho."

Nikajaribu kubisha. Akaendelea: "Unajua watasema nini? Watasema hawa watu wa mtoni ndio walirudi wenyewe, tena kwa tamaa. Hakuna atakayeliona tingatinga tena. Ataonekana mama."

Sikuweza kumwambia anakosea, kwa maana hakuwa amekosea. Nimewasikia kwa masikio yangu watu wazima, wenye nyumba za mawe, wakisema maskini wa Nairobi wanajitakia. Mhariri wangu naye alikuwa na mkasi wake. Yeye hakujali tingatinga wala kodi. Alisema simulizi ni ndefu, watu wanasoma kwa simu ndani ya matatu, bando linaisha, msomaji hana nafasi ya kumpenda mama na kumkasirikia katika aya moja. "Mfanye awe mtu mmoja," aliniambia.

Nikakata. Naomba ieleweke sikuandika uongo. Niliandika kwamba aliishi pale miaka 19, kweli. Kwamba nyumba yake ilibomolewa, kweli. Nikafuta vyumba sita na wapangaji wao, na msomaji yeyote mwenye akili timamu angemaliza akiamini mama yule alikuwa mpangaji wa chumba kimoja. Kwenye sauti nikatoa sentensi ya katikati. Programu ya kukata sauti siku hizi haiachi hata kovu. Zikabaki sekunde kumi na moja.

Nilikuwa na njia ya kujifariji, na wenzangu wengi wanayo. Nilijiambia kwamba Nairobi haijawahi kuwatenganisha mwandishi na mpiganaji. Mwaka 1928, Kenyatta alipokuwa akihariri gazeti la Muigwithania, alikuwa akifanyia kazi chama, Kikuyu Central Association. Sauti ya Mwafrika ilikuwa gazeti la chama cha Kenya African Union. Henry Muoria alikuwa na gazeti lake, Mumenyereri, mpaka hali ya hatari ya 1952 ilipoyafunga magazeti ya namna yake. Gitobu Imanyara aliwekwa kizuizini mwaka 1990 akiwa mhariri wa jarida la sheria. Na mwishoni mwa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, haikuchukua hata mwezi kabla Ory Okolloh na wenzake kufungua Ushahidi, ambapo mtu aliandika alichokiona mtaani kwake nacho kikawekwa kwenye ramani. Boniface Mwangi, aliyepiga picha za machafuko yaleyale, alizitoa magazetini akazisimamisha barabarani katika maonyesho ya Picha Mtaani, kisha mwenyewe akaingia barabarani. Mimi nani nijidai sina upande?

Kufikiri kwangu kulikuwa nusu. Siku hizi nikiitazama ile kazi ya ramani naona kitu nilichokipita. Haikumtwika mtu mmoja msiba wote. Zilikuwa nukta nyingi, kila moja na mahali pake na siku yake, moja ikiyumba nyingine zinaishikilia. Mimi nilichukua mama mmoja nikamsimamisha peke yake badala ya Mathare nzima, halafu nikamkata mguu ili apendeze.

Simulizi ilitoka wiki ya kwanza ya Juni. Nilikuwa nimeficha jina, sikuweka picha ya uso, hata rangi ya mlango niliiacha. Nilijiona mwangalifu. Sauti niliiambatisha kwa sababu watu wengi ambao hawatasoma maneno elfu nne watasikiliza sekunde kumi na moja. Haikunipitikia kwamba sauti ya mtu ni uso wake. Aliyeishi nyuma ya ukuta wa bati mmoja na wewe anakujua kwa kikohozi.

Kisha Juni ikawa Juni. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na mengine mengi, serikali ikitafuta shilingi bilioni 346 zaidi. Vijana walifanya jambo ambalo vyumba vya habari hatukuwa tumelifanya vizuri: waliuchukua mswada ambao watu wengi hawangeusoma wakausimulia. Mmoja anakaa jikoni na mkate, anaeleza kifungu. Mwingine anatafsiri kwa Kidholuo, mwingine kwa Kikamba, mwingine kwa Kikuyu, kwenye TikTok. Usiku kwenye X Spaces wakili anaulizwa maswali na muuza smoki mpaka saa saba. Nilikuwa nasikiliza nimelala chali, na wivu kidogo, kwa sababu ile ilikuwa kazi yangu na ilikuwa ikifanywa na watu wasiolipwa.

Katika hewa ile neno kodi lilibaki na maana moja. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa anayegonga mlango tarehe tano na anayekata mshahara tarehe thelathini. Tuna ushuru, ndiyo, lakini kinywani watu husema kodi. Mama aliyetolewa na mto, akatolewa na tingatinga, akamalizwa na kodi: nani asingemtia kinanda?

Nilipofika nyumbani jioni ile ya tarehe 18 ningeweza kuandika mistari mitatu ya kusahihisha. Mhariri alikuwa amenitumia picha za fataki, na idadi ya waliosikiliza ilikuwa ikipanda nikiitazama. Nikajiambia, nikimtoa mama wa watu hapa katikati ya vita nitawavunja moyo. Alhamisi tarehe 20 nikajiambia hivyohivyo. Jumanne tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, intaneti ikawa inakwenda kwa kujikokota, rafiki yangu akarudi nyumbani mkono umefungwa kwa shati. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi. Kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliouawa 39. Nani angenisikiliza nikija na habari ya vyumba sita vya mabati? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na sehemu yangu moja bado inaamini. Sehemu nyingine inajua kwamba nilikuwa nafurahia.

Simu ilikuja Julai. Kijana wa mjengo, sauti ya taratibu. Aliisikia ile klipu ndani ya matatu Juja Road, makanga ndiye aliyeipiga.

"Huyo mama unajua ni nani?" aliniuliza.

Nikamwambia nalinda jina lake.

"Mimi sihitaji jina. Huyo ni landilodi wangu. Alikula kodi yangu ya Mei na dipoziti, na godoro langu liko chini ya mto."

Alikuwa na moja ya simu zinazorekodi kila mazungumzo bila kuulizwa. Alipoona sina la kumjibu, alizichukua zote mbili, klipu yangu na rekodi yake ya mwisho wa Aprili, akazibandika pamoja. Kwanza inasikika sauti ya kusikitisha yenye kinanda. Halafu sauti ileile, mchangamfu, inasema: "Rudini, maji yameisha, nyumba ni nzima kabisa. Na msisahau ni mwisho wa mwezi."

Sina haja ya kueleza sana kilichofuata. Waliokuwa wakimlilia wakanyamaza. Waliokuwa wakitafuta sababu wakaipata, na kwa siku mbili tatu ikawa kwamba mafuriko yote yalikuwa ya kutungwa, na waandishi wote tumenunuliwa, mimi wa kwanza. Watu wasiomjua walikwenda mpaka kwenye meza yake ya omena na kamera mkononi. Mmoja alilipiga teke karai. Kumbe pia kulikuwa na mtu aliyeanzisha mchango wa M-Pesa kwa jina la "mama wa tingatinga" tangu Juni. Hatukuwahi kumjua, wala kujua pesa zilikwenda wapi, na mtaani watu waliamini mama amezila.

Yeye mwenyewe alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Alikuwa mtu maarufu kwa mwezi mzima bila kujisikia hata mara moja.

Nilikwenda kumwona asubuhi, mapema, kabla ya wateja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha kwa kumtoa hadharani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachambua omena, akatupa dagaa mmoja mkubwa kando.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu kwa Kidholuo, "kwa nini umenifanya maskini?"

Sikuelewa.

"Binti ya jirani alinisomea. Nikangoja nyumba zangu. Akasoma mpaka mwisho, nyumba hakuna. Nikamwambia rudia. Akarudia. Vyumba saba, miaka 19, bati kwa bati, wewe umeandika nilikuwa nalala kwa chumba." Akanitazama sasa. "Mto ulinitoa. Tingatinga likanitoa. Halafu ukaja wewe, na omena zangu ulikula."

Nikaanza kumweleza habari ya rafiki yangu, ya kisu, ya watu wenye nyumba za mawe. Akanikatiza kwa mkono wenye harufu ya samaki.

"Na huyo kijana wa godoro ana haki yake. Nilimwita mimi. Kwani ile jioni unafikiri nilikwambia ya nini? Nilitaka ijulikane najua."

Katika ujanja wetu wote, mimi, rafiki yangu na mhariri, hakuna aliyewaza kwamba mama alikuwa amekiri. Tuliona udhaifu wa kufichwa. Yeye alikuwa ameleta kitu cha kuweka hadharani kwa hiari yake, akachagua mtu wa kumpelekea, na mtu huyo akakikata kwa programu. Kila ninapofikiria hapo hunijia joto masikioni.

Simulizi tuliiandika upya. Juu kabisa niliweka nilichokuwa nimekiondoa na kwamba niliyekiondoa ni mimi. Sauti ikawekwa nzima, pamoja na mbwa na mtoto anayeitwa akaoge. Kijana wa mjengo alikubali kuwemo, kwa sharti kwamba nisimwite mwathiriwa. Alitaka niandike fundi, kwa sababu ndicho alicho. Nilikaa naye kwenye mjengo mara nne. Niligundua kwamba aliporudi ile siku ya tatu hakurudi kwa kudanganywa tu: kwingine Mathare vyumba vilikuwa vimejaa, na bei imepanda wiki ileile. Alijua mto uko pale. Alipiga hesabu kama alivyopiga mama. Hiyo ndiyo simulizi niliyopaswa kuiandika Mei. Watu wawili, ukuta wa bati mmoja, wote wanajua, wote wanarudi, na sababu zao unazielewa. Tingatinga halikupotea humo ndani hata kidogo. Nadhani lilionekana kubwa zaidi.

Dipoziti mama anailipa kidogokidogo, shilingi 500 akiwa nazo, omena akiwa hana. Msidhani wamekuwa marafiki.

Toleo hilo halikutiwa kinanda na mtu yeyote. Lilisomwa na wachache, wengi wao wakiwa waandishi wenzangu wakitafuta nilipojikwaa.

Rafiki yangu na mimi hatukuongea mpaka Oktoba. Tulipokutana, kwenye matanga ya mama mmoja tuliyemfahamu wote, hakuomba radhi na sikumtaka aombe. Alisema jambo ambalo bado sina jibu lake kamili: "Wewe una muda wa ukweli wote. Sisi tuna sekunde kumi na moja kabla tingatinga lingine halijafika." Nikamwambia sekunde zako kumi na moja nilikupa mimi, na zilipogeuka zilimwangukia mama peke yake, si wewe wala mimi. Akasema hilo nalo ni kweli. Tukala wali.

Utaratibu wangu umebadilika, ingawa sikuukalia chini nikauandika. Wanaharakati nawapigia simu kuuliza tarehe na sheria, rasimu siwatumii. Mhusika wangu namsomea yote, kwa lugha aliyonisimulia nayo, hata ikichukua siku mbili. Watu husema hiyo ni kumpa mhusika kalamu. Si kweli, nimebishana nao nikabaki na sentensi wasizozipenda, lakini wamezisikia kwangu kabla ya kuzisikia kwa makanga. Kama kuna kipande cha sauti kitakachotoka, namchezea hicho peke yake, bila simulizi, kwa sababu hivyo ndivyo kitakavyosafiri. Namuuliza: asiyekujua akisikia hiki tu, atadhani nini? Anayekujua, je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatupa sisi waandishi nafuu fulani ambazo wengine hawana. Nilishaisoma na kuifurahia. Nafuu ya sheria na ruhusa ya mama ni vitu viwili. Na nikimpata mhusika ninayempenda, sasa namtafuta anayemdai.

Si kwamba imekuwa rahisi. Juni 2025, watu waliporudi barabarani kuwakumbuka wa mwaka uliopita, msichana mmoja aliyekuwa akikusanya sauti za waliobomolewa aliniomba klipu ya Mama Omena. Nikamuuliza mama, akasema ipelekwe nzima ama isipelekwe. Nikaituma nzima. Msichana alinishukuru kwa adabu, na sijawahi kuisikia mahali.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Siku hizi amepanga chumba Huruma, ghorofa ya nne, ngazi zina giza hata saa sita mchana. Analalamika kwamba omena haziuziki ghorofani na kwamba jirani wa juu huvuta viti usiku kucha. Nilikuwa nimemletea simu yangu asikie ile rekodi nzima, kwa kuwa kwa miaka yote hii hakuwahi kujisikia kwa masikio yake. Niliiwasha. Akainamisha kichwa, akasikiliza mbwa, akasikiliza mtoto, akatabasamu alipomtambua mtoto. Sauti yake ilipofika kwenye kodi, mlango ukagongwa. Mara tatu, kwa ufunguo.

Akaniwekea kiganja mdomoni. Ilikuwa tarehe tano.

"Zima hiyo simu," alininong'oneza. "Landilodi akinisikia atajua niko."